Siku Niliyokataa Kusukumwa

Kitengela ya miaka hiyo, gari likikwama kwenye matope, mtu hakungoja kuitwa. Aliyekuwa akipita aliweka chini alichobeba, akakunja suruali, akasukuma. Lori la mchanga, gari la maziwa, pikipiki ya daktari wa mifugo, vyote vilisukumwa na watu wasiomjua dereva. Udongo wetu ni mweusi, na ukishiba maji hushika kama ugali usioiva. Kila mtu alijua kwamba kesho ni zamu yake. Aliyepita bila kusukuma alitazamwa kama mtu aliyepita kwenye nyumba ya msiba bila kusimama.

Ninaanza na haya kwa sababu mashindano ya pikipiki yalikuja na sheria iliyokwenda kinyume chake.

Nilikuwa nimemaliza darasa la nane miaka michache nyuma, na nilifanya kazi katika gereji iliyokuwa kando ya barabara ya Namanga. Mwenye gereji alikuwa fundi kutoka upande wa Murang'a, mnene, asiyependa maneno mengi. Mimi pia sikupenda maneno, lakini yeye hakuyapenda kwa sababu yanachelewesha kazi, na mimi niliona haya. Mteja akiniuliza jambo, nilimwonyesha fundi kwa kidole. Tulielewana vizuri. Tungeweza kukaa tangu asubuhi hadi chakula cha mchana tukisikia spana tu.

Ndani kabisa, chini ya turubai, fundi aliweka pikipiki ya mbio za porini. Ilikuwa nyembamba na ndefu, matairi yana meno, haina taa wala honi. Aliinunua ili ishindane kwa jina la gereji. Vijana wawili walikuwa wameipanda kabla yangu. Wa kwanza aliivunja usukani. Wa pili aliiacha porini upande wa Bisil, akarudi kwa miguu, na hakuonekana tena kazini. Mara zote mbili mimi ndiye niliyeitengeneza, na baada ya kuitengeneza niliijaribu kwenye uwanja wa nyuma, mahali ambapo sikutazamwa. Kumbe fundi alikuwa akinitazama kupitia tundu la mabati.

"Jumapili utapanda wewe," aliniambia akiwa ameinama kwenye injini ya mtu mwingine. "Ukimaliza mbio, ni yako ya kupanda msimu wote. Usipomaliza, Jumatatu tunaifungua, nauza kipande kipande. Nimechoka nayo."

"Ni lazima nishinde?"

"Nani amesema kushinda? Nimesema kumaliza."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yetu marefu zaidi mwezi huo.

Mama hakujua. Sisi ni watu wa Machakos, na mama alihamia Kitengela kufanya kazi ya kufunga maua kwenye shamba moja la waridi. Jumapili ndiyo siku pekee aliyokuwa na nafasi, naye aliitoa yote kwa kanisa. Nilimwambia kuna kazi gereji, na kwa jinsi fundi alivyoliona jambo hilo, ilikuwa kazi.

Watu wa mbali hudhani Kajiado ni jua na vumbi tu. Hawajawahi kusimama kwenye tambarare ya Kisaju mwezi wa tano, baada ya siku mbili za mvua, upepo ukitoka upande wa Ngong. Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu yasiyokatika. Ng'ombe walisimama wakiupa upepo mgongo. Nilivaa sweta mbili, na katikati yake nikaweka magazeti, maana upepo haupiti karatasi. Miguuni nilikuwa na gambuti, nikazifunga kwa vipande vya tyubu ili tope lisizivute zikatoka. Fundi alipaka dizeli chini ya madigadi ili udongo usigande haraka.

Waendeshaji wengine wengi walitoka Nairobi. Walikuja na pikapu, buti ngumu za kufika magotini, na mavazi yaliyofanana rangi na pikipiki zao. Mmoja alizitazama gambuti zangu kwa makini.

"Buda, umekuja kushindana ama kukamua ng'ombe?"

Wenzake wakacheka. Nilitaka kucheka pia, nikachelewa, wakawa wameshageuka.

Mkuu wa mashindano alipanda juu ya pikapu akaeleza sheria kwa Kiingereza cha haraka. Fundi alisimama nyuma yangu akinitafsiria sikioni, akikata yale aliyoona hayana maana.

"Mnazunguka mara sita. Bendera nyekundu, simama. Mtu yeyote akikusukuma, au akikushikia pikipiki, umetoka. Umesikia hiyo?"

"Nimesikia."

"Hata mtoto. Hata mimi."

Nilielewa maneno. Sikufikiria jinsi yatakavyokuwa yakitokea.

Mwanzo wa mbio siukumbuki vizuri. Nakumbuka kelele, kisha ukuta wa tope uliorushwa na matairi ya waliokuwa mbele. Miwani iliziba kabla sijafika kona ya kwanza. Niliivuta hadi kidevuni, nikaendesha macho yakiwa yamefumbwa nusu. Vidole vilikufa ganzi kwenye mzunguko wa kwanza. Kwenye mzunguko wa pili sikujua tena kama nimeshika klachi au sijaishika, mpaka nisikie injini inajibu.

Lakini udongo ule niliujua. Wale wa Nairobi waliufuata mstari uliokwisha kupitwa na wengine, wakidhani umeshindiliwa. Udongo mweusi haushindiliki. Kila tairi linalopita linaufanya uwe laini zaidi, na baadaye unajaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Mimi niliendesha pembeni, kwenye nyasi, kwa gia ya pili, bila kuongeza wala kupunguza. Nilipitwa na karibu wote. Kuanzia mzunguko wa tatu nikaanza kuwakuta, mmoja mmoja, wamesimama kando ya pikipiki zisizosogea, wakichokoa tope kwa vidole. Yule aliyeniuliza habari za kukamua alikuwa ameketi juu ya jiwe, buti moja mkononi.

Mzunguko wa sita nilikuwa karibu peke yangu. Chini kidogo ya njia kulikuwa na silanga, bwawa la kunyweshea mifugo, na njia ilipita kwenye bonde dogo kando yake. Mara tano nilikuwa nimevuka hapo juu ya nyasi. Mara ya sita nyasi hazikuwepo. Kundi la ng'ombe lilikuwa limetoka kunywa maji likapita palepale, na pote palikuwa pamevurugwa. Gurudumu la mbele liliingia, la nyuma likafuata, injini ikazimika. Nilibaki nimesimama, tope limefika karibu na magoti.

Mwenye ng'ombe alikuwa mzee wa Kimaasai mwenye shuka mbili na koti la mvua juu yake. Alinitazama kidogo.

"Supa," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Ipa," nikaitikia.

"Ng'ombe hawajui mambo ya Jumapili," akasema, na nadhani hiyo ilikuwa namna yake ya kuniomba radhi. Akaninyooshea fimbo yake. "Toa matope na hii."

Upande wa pili wa bonde alisimama msimamizi wa njia, kijana mwenye koti la manjano na bendera. Alitikisa kichwa. Nikairudisha fimbo.

"Hata fimbo?" mzee akauliza. "Huu ni mchezo gani?"

Hapo ndipo nikasikia sauti za akina mama. Ibada ilikuwa imekwisha, na wanawake walikuwa wakikata njia kupitia uwanjani, vitambaa vyao vya ushirika vichwani, viatu mkononi. Walimwona mtu amekwama, wakafanya kile ambacho mtu wa Kitengela hufanya. Waliweka Biblia na viatu juu ya jiwe, wakapandisha sketi, wakaingia kwenye tope. Aliyekuwa mbele alikuwa mama yangu.

"Kijana, shika usukani tu, sisi tutasukuma," akasema. "Akina mama, hii upande, na hii upande. Haya."

Nilikuwa na kofia ngumu kichwani, na uso wote ulikuwa mweusi. Hakunijua.

"Hapana," nikasema.

Hawakusikia. Sauti yangu haikuwa imezoea kufika mbali. Mmoja wao alikuwa ameshaunyoosha mkono kuelekea kwenye kiti.

"Msiniguse!"

Wakasimama. Sauti ile hata mimi sikuijua. Msimamizi aligeuka, na mbwa wa yule mzee akabweka.

"Ati nini?" akauliza mmoja.

"Msiniguse. Rudini nyuma."

"Heh! Tunakuja kumsaidia, anatufukuza kama kuku!"

"Hao ni wa Nairobi," mwingine akasema. "Huko salamu hawana."

Mama alinyoosha mgongo akaweka mikono kiunoni. "Huyu mtoto ana mama kweli? Mama yake angemsikia, angelia."

Nilivua kofia.

"Mama, ni mimi."

Alinitazama kuanzia gambuti hadi nywele, kisha akarudia. Mvua ilikuwa ikimtiririka usoni na hakuifuta.

"Ndiyo hiyo kazi?"

"Ndiyo hii."

Wenzake walianza kucheka. "Kumbe asiye na adabu ni wako!" akasema yule aliyetaja kuku, na mwingine ikabidi ashike bega la mwenzake asianguke.

"Haya, toka hapo nikusukume," mama akasema. "Utapata nimonia."

"Ukinisukuma wananitoa. Ni sheria."

"Ni nani anakutoa?"

Nilimwonyesha msimamizi kwa kidole. Mama akamgeukia. "Wewe kijana. Ni ukweli?"

"Ni ukweli, mama."

"Mtu akikwama afanye nini?"

"Ajitoe."

"Peke yake? Na wewe umesimama hapo unamwangalia tu?"

"Ndiyo kazi yangu, mama."

Mama aliitazama pikipiki, kisha mikono yangu. Aliniuliza kwa sauti ya chini, kwa Kikamba, kama ninakitaka kweli kitu hicho. Nikamwambia kwamba nisipomaliza leo itauzwa, na kwamba sina kitu kingine ninachokijua vizuri kuliko hicho. Sikuwahi kumwambia maneno mengi hivyo kwa mara moja.

"Basi," akawaambia wenzake, "hakuna kumgusa." Na yule aliyekuwa karibu na kiti alipousogeza mkono tena, kwa mazoea tu, mama akaushika akaurudisha.

Mzee wa Kimaasai alikuwa akifikiria. "Na kuongea?" akamuuliza msimamizi. "Kuongea pia ni kosa?"

Msimamizi alisita. "Kuongea hawakusema."

"Ero," mzee akaniita, "ilaze chini. Ilaze kama ng'ombe anayedungwa sindano. Huwezi kumtibu amesimama."

Nikailaza pikipiki ubavuni. Gurudumu la nyuma likatoka kwenye shimo lake kwa mlio kama wa busu. Nilianza kuchimba udongo kutoka chini ya madigadi kwa vidole, na nilipojikata kwenye cheni sikusikia maumivu, niliona damu tu. Akina mama walisimama katika mstari, mikono imefungwa kifuani kana kwamba wanaizuia, wakipiga kelele.

"Bado huku nyuma!"

"Ng'oa nyasi zile ndefu, weka chini ya tairi!"

"Si hizo, zile!"

Niliinua pikipiki. Ilianguka. Niliiinua tena, nikaipanga juu ya nyasi, nikapiga teke. Haikuwaka. Nilipiga teke mpaka mguu ukaacha kunitii, nikabadilisha mguu, na injini ikawaka. Niliachia klachi polepole sana. Ilinuka vibaya. Tairi lilizunguka mahali pamoja, likatema nyasi, kisha likashika. Nilikimbia kando ya pikipiki hadi juu ya bonde ndipo nikapanda. Sikuangalia nyuma, kwa sababu ukiangalia nyuma kwenye udongo ule unaanguka.

Kilichobaki kilikuwa kipande kirefu, njia ikipinda kuzunguka shamba la mtu. Nilikiendesha kwa gia ya kwanza. Nilipoikaribia alama ya mwisho, vile vigingi viwili vyenye utepe, sikuona mtu. Mwenye bendera wa pale alikuwa ameondoka. Waliomaliza walikuwa wamemaliza, walioshindwa walijulikana, na mimi hapakuwa na aliyekuwa akinihesabu. Wasimamizi wote walikuwa wamejikunyata ndani ya hema lao, wamegeuzia upepo mgongo. Bila mwenye bendera kukuona ukivuka, hukumaliza. Na nikisimama kumngoja, ningezama palepale.

Nilifikiria kuita. Nilivuta pumzi, na sikuwa na sauti iliyobaki.

Ndipo nikamwona mama akikatiza uwanja kutoka upande wa silanga, miguu mitupu, akikimbia jinsi wanawake wa umri wake wanavyokimbia, mkono mmoja ukishika kitambaa cha kichwa. Hakuja kwangu. Nadhani yule msimamizi wa bondeni alikuwa amemwambia habari za bendera. Aliingia hemani moja kwa moja.

"Ni nani wa bendera hapa? Ni wewe? Weka chini hiyo chai! Kuna mtu anakuja!"

"Mama, tumemaliza..."

"Mmemaliza nyinyi! Yeye hajamaliza! Toka!"

Mwenye bendera alitoka mbio, kikombe bado mkononi, bendera imejikunja. Aliitikisa ikafunguka nilipokuwa nikipita katikati ya vigingi. Hakuna aliyepiga makofi isipokuwa akina mama, waliokuwa wanaanza kufika mmoja mmoja na viatu vyao.

Fundi alikuja. Hakunitazama mimi, alichuchumaa kando ya injini, akanusa.

"Klachi imeungua," akasema.

"Najua."

Aliendelea kuchuchumaa hapo, akibandua tope kwa kidole gumba. Mama alikuwa amenifunika leso yake mabegani na alikuwa akiniuliza kama nimekula, mbele ya watu wote, na kwa mara ya kwanza sikuona haya, labda kwa sababu nilikuwa nimechoka.

"Kesho uje mapema," fundi akasema hatimaye, "tubadilishe klachi kabla wateja hawajafika."