Mama wa ndakala wa Baraka anatafuta nyumba ya mbali

Saa kumi na mbili asubuhi, jua linachungulia nyuma ya milima ya Ubwari, na Georgette Nyassa tayari amepiga magoti kwenye mchanga wa Baraka. Anamwaga ndakala, dagaa wa Tanganyika, kutoka kwenye beseni na kuzitandaza kwa viganja, upesi upesi, zisilaliane. Kila mara anainua kichwa. Ziwa halitazami kabisa. Anageukia magharibi, kuhakikisha mlima bado unaonekana.

"Ule mulima ukifichika, mvua iko njiani," anasema. "Hapo hauulize muntu tena. Unakimbia."

Ndakala iliyolowa haina mnunuzi. Inanuka, inaingia funza, mwisho wake ni chakula cha bata. Basi wanawake wa ufukwe huu hupima hata nyumba kwa mlima. Wingu likifunika kilele, kabla tone la kwanza halijagusa mchanga, mama mwenye miguu mizuri awe ameshatoka kwake, amekusanya samaki na kuwafunika kwa turubai. Anayekaa mbali, shauri yake.

Ndiyo maana Georgette, mwenye miaka 41 na watoto wanne, ameishi maisha yote ya ndoa jirani na maji. Ujirani huo umemtokea puani. Ziwa limepanda miaka hii, na mwaka jana lilibeba jiko lake. Mwaka huu limeangusha ukuta wa chumba walimolala watoto. Sasa familia imebanana katika chumba cha kuazima nyuma ya kanisa, na baada ya Pasaka wenye chumba wanakihitaji.

"Silale vizuri," anasema kwa sauti ya chini. "Nikifunga macho, naona batoto bangu banabeba godoro ku kichwa, habajui pa kwenda."

Kuhama ni lazima. Wapi? Hapo ndipo maji yamezidi unga.

Mumewe, Darius, anachimba dhahabu Misisi, na aliwaita wamfuate. Georgette alipanda pikipiki akaenda kuona. Alionyeshwa kibanda cha mbao ambacho kodi yake, anasema, ilikuwa kodi ya mtu anayelala juu ya dhahabu. Kilichomkimbiza zaidi ni watoto aliowakuta wanazurura saa za masomo.

"Banajua bei ya gramu mbele ya kujua kugawanya! Nikaambia bwana yangu, weye chimba, mi nabaki na madaftari."

Akapanda boti hadi Kazimia. Huko samaki ni tele na chumba ni dola kumi kwa mwezi. Lakini shule iliyokuwa karibu na chumba hicho haikuwa na darasa la tano wala la sita la sekondari. Na hapo ndipo ilipo roho ya mama huyu, kwa sababu kifungua mimba wake, Gentille, mwenye miaka 17, yuko darasa la tano, upande wa ualimu. Amebakiza mwaka mmoja afike kwenye mtihani wa serikali, ambao hakuna mwanamke wa ukoo wao aliyewahi kuukalia. Baba yake ameshatamka kwamba akirudia darasa, hatalipa tena. Atakwenda kuanika samaki na mama yake.

Mitaa ya juu ya Baraka, ambako ziwa halifiki, vyumba viwili ni dola thelathini na tano, na mwenye nyumba anadai garantie, amana ya kodi ya miezi mitatu, mkononi kabla hajatoa ufunguo. Georgette, mwezi ukiwa mzuri, anapata kama dola themanini, za chakula, shule na sabuni. Akaanza kuweka akiba hivyo hivyo, kwa kujinyima, huku akisononeka kwamba kule juu ni mbali na mchanga wake.

Ilibaki Fizi, huko milimani. Shemeji yake, Placide, ana vyumba viwili vitupu, bure, karibu na shule yenye madarasa yote. Ila ni zaidi ya kilomita thelathini kutoka ufukweni, na barabara ikinyeshewa hugeuka ugali. Georgette alicheka aliposikia.

"Nilimujibu, shemeji, mi naanika samaki ao naanika miguu?"

Kuna jambo ambalo mama huyu hakulisema mapema, na alipolisema alitazama chini. Miguu yenyewe haikuwa yake siku zote. Mchana yeye huwa sokoni akiuza ndakala za jana. Mlima ukifichika, aliyekuwa akikimbia ni Gentille. Anaomba ruhusa, anatoka darasani, anafunika samaki, anarudi amelowa chapachapa. Mwalimu alinung'unika. Mkuu wa shule akamwita mama.

"Nilisema, ni mvua tu, itapita," anakumbuka. Lo! Mvua ya Machi, Baraka, ipite iende wapi?

Mwezi uliopita, siku ya Alhamisi, aliamua kwenda Fizi ili tu shemeji asione amedharauliwa. Gentille alikuwa na mtihani wa hesabu. Mchangani zilitandazwa ndakala za mabeseni mengi kuliko kawaida, kwani mauzo yake ndiyo yangekamilisha ile garantie. Alimwomba Solange, anayeanika pembeni yake, azitupie jicho. Lakini wote wawili walijua sheria ya mchanga: mvua ikija, kila mama anaanza na zake.

Kwenye kona moja kabla ya kuingia Fizi alimwambia dereva wa pikipiki asimame. Chini, ziwa lilikuwa linang'aa. Juu ya kichwa chake mlima ulikuwa umeshapotea. Matone yakampiga mikononi, kisha akaiona mvua yenyewe ikiteremka kuelekea Baraka.

Alitoa simu. Gentille ana kasimu kadogo ka kubonyeza, na kila mara kanakuwa ndani ya mfuko wa shule.

"Jina lake liko pale, kidole changu kiko juu," anasimulia. "Nikipiga, atatoka. Nisipopiga, nyumba imekwenda. Nikazima simu. Nikasema, Mungu wangu, kama unataka samaki, chukua samaki."

Dereva alidhani amefiwa. "Mama, kuna matanga?" Akamjibu hakuna, twende.

Vyumba vya Placide alivitazama bila kuviona. Jioni akateremka Baraka amepiga moyo konde, tayari kukuta uozo. Alipofika mchangani alikuta turubai limevutwa vizuri, mawe yamekaa kila pembe, na chini yake ndakala kavu kabisa, zinakatika kwa vidole. Akamrukia Solange kumshukuru.

Solange hakupokea shukrani. "Si miye, Mama Gentille. Mi nilikuwa na zangu. Ni mutoto wako. Alikuja na inifomu yake, kalamu iko ku mukono."

Hakuna aliyempigia. Alikuwa ameketi karibu na dirisha, akaona mlima unafichika, akasimama katikati ya mtihani na kutoka. Kwa kanuni ya shule yao, anayetoka kabla ya kukabidhi karatasi anapata sifuri. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, wahenga walisema, na siku hiyo methali ilimchoma Georgette kuliko moto.

"Nililia juu ya zile samaki kavu, mpaka Solange akaniambia angalia, utazilowesha."

Gentille mwenyewe, msichana mrefu anayezungumza polepole, haoni alichokosea. "Ilikuwa garantie ya nyumba," anasema. "Hesabu nitafanya ingine. Samaki ikisha kuoza, utafanya nini?"

Ni jibu hilo, anasema mama, lililogeuza kichwa chake. Miezi yote alikuwa anatafuta nyumba ya karibu. Sasa anataka ya mbali.

"Natafuta pahali mutoto akikimbia, hafike."

Shule zote za Baraka, hata za mitaa ya juu, ziko ndani ya mbio za Gentille. Fizi haiko. Basi wiki ya Pasaka magodoro yatapanda kwa Placide, na watoto wote wanne. Georgette mwenyewe atabaki chini, akilala kwa Solange, na kupanda kila Jumamosi jioni kama barabara inapitika. Soko la mchana ameliacha ili akae na samaki wake. Atawauzia walanguzi palepale mchangani. Beseni la ndakala kavu alilokuwa akiuza faranga elfu sitini, wao wanampa arobaini na tano.

Hofu haijaisha, imebadilisha sura tu. Kitinda mimba hajawahi kulala bila yeye. Barabara ina mambo yake. Mke wa shemeji ni mtu mwema, lakini midomo minne ni midomo minne, na nyumba ya bure ina siku zake. Shule mpya imekubali kumpokea Gentille na matokeo yake, ile sifuri ikiwamo, bila kuahidi lolote. Alama za masomo mengine zikimbeba, atavuka. Zisipombeba, baba ameshasema.

"Na miguu hii ya uzee itakimbia kweli?" Solange anamtania akiwa ameinama juu ya samaki zake.

"Itakimbia," Georgette anajibu. "Ikikataa, tutakula ndakala ya bata."

Wanacheka. Gentille hacheki. Anafunga kamba ya beseni tupu, kisha anamuuliza mama yake, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyelibeba swali siku nyingi: "Na nikianguka, Mama?"

Georgette anafuta mikono kwenye kitenge.

"Uanguke," anamwambia, "lakini uanguke ukiwa umekaa ku banki ya darasa, mpaka bapige kengele. Ile nitaipokea."