Siku Baraka Alipokataa Kuitika

Utotoni mwangu hakuna aliyesafiri katika ukoo wetu bila kupita kwa Bibi kwanza. Kwa hiyo, mwaka nilipotimiza miaka kumi na mdogo wangu Baraka sita, tulitoka Euless, Texas, tukaendeshwa kwa saa nne hadi mtaa wa Sharpstown, Houston, ili tuagwe. Baba alikuwa na kazi ya kupakia mizigo uwanja wa ndege, na kwa tiketi za nafuu wanazopewa wafanyakazi, Mama alikuwa anatupeleka Ufaransa kumwona mdogo wake. Bibi alitukalisha kitandani kwake akatupa sheria ya safari.

"Ukisikia jina lako linaitwa na humwoni anayeita, nyamaza. Mahali pa zamani pana mizimu, nayo huita watu kwa majina. Ukiitika tu, umeshaipa mkono."

"Hata kama ni Mama?" Baraka aliuliza.

"Mama yako ana miguu, mume wangu. Atakuja mpaka umwone uso."

Baraka alifurahi, kama alivyofurahi kila alipoitwa mume. Mimi, mke mwenza, niliona haya. Nilikuwa nimeanza kuwa mtoto wa kusahihisha watu wazima, tabia ambayo sasa chuoni napewa vikombe vya mdahalo kwa ajili yake.

Mama Mdogo Furaha aliishi katika kijiji cha nyumba za mawe, akifanya kazi ya kuwahudumia wazee wasiojiweza. Siku zake za mapumziko alituzungusha. Tulioga mtoni chini ya daraja, tukachuma matunda pori hadi vidole vikawa vyeusi, na tuliona ngome. Ngome jamani! Mimi ninayetoka mahali ambapo jengo la umri wa babu yangu linawekewa kibao cha historia, nilisimama mbele ya ukuta wa miaka mia saba nikaupapasa. Ngome ya kwanza ilikuwa na mazulia na mwanamke wa kutukataza kugusa. Baraka akataka kujua nani anasafisha madirisha yote yale. Katika ya pili alikuwa anaishi mtu kabisa, anauza asali getini.

Jioni ya siku hiyo, wakati wa chakula, Baraka akaieleza sheria ya Bibi. Mama Mdogo alicheka mpaka akaweka kijiko chini. Akawatafsiria majirani wawili aliowaalika, nao wakacheka kwa adabu.

"Sasa sisi huku tuitane kwa barua?" alisema. "Da Rehema, mama bado anawalisha watoto mambo haya? Huko Texas?"

Mama naye alicheka, lakini akiangalia sahani yake. Mimi uso uliniwaka. Niliapa moyoni kwamba sitamtaja Bibi tena mbele ya wageni.

Kesho yake mchana tulipanda kilimani kuona ngome ya tatu. Hii ilikuwa gofu tu, haina paa, haina mlango, haina mkata tiketi. Kondoo walikuwa wakila majani ndani ya kilichokuwa sebule ya bwana mkubwa fulani. Mama na Mama Mdogo walikaa kwenye jiwe na mkate na jibini, wakinong'ona habari za ndoa za watu. Mimi nilikuwa nikipiga picha. Nilipogeuka, Baraka hakuwepo.

"Baraka!" Mama aliita, kwanza kivivu. Halafu akasimama. "Baraka!"

Kondoo tu ndio walioinua vichwa.

Mama Mdogo aliita kwa sauti yake ya kuita wazee viziwi. Wanaume wawili waliokuwa wakikata majani bondeni waliacha mashine wakapanda, na watalii waliokuwa wakipita na mikoba yao mgongoni wakaungana nao. Punde kilima kizima kikawa kinaita: "Baraká! Baraká!" Kila mmoja kwa matamshi yake, kila mmoja toka kona yake, na kuta zikalirudisha jina hilo hewani hadi sikujua nani yuko wapi.

Na mimi nilijua. Nataka hili lieleweke, kwa sababu ndilo linaloniuma. Toka dakika ya kwanza nilijua kwamba mtoto yule anasikia na hataitika. Kila mgeni aliyeongeza sauti yake alizidi kumfunga mdomo. Nilipaswa kusema sentensi moja. Lakini wale wanaume walikuwa ndio majirani wa jana, na bado nilikuwa nasikia kile kicheko chao cha adabu. Nikaita nami, "Baraka! Baraka!", kama mnafiki.

Karibu saa nzima ilipita. Mmoja wa wale wanaume alianza kumwuliza Mama Mdogo jambo kwa sauti ya chini, akionyesha kule mto ulikopita. Sikujua Kifaransa, lakini nilimwona Mama, aliyekijua, akishika ukuta. Hapo ndipo nilipomvuta nguo.

"Mama, hataitika. Bibi alimkataza."

"Upuuzi gani tena huo!" Mama Mdogo alifoka.

Mama hakufoka. Alinitazama kama mtu aliyekumbushwa jina lake mwenyewe. Naye si alilelewa na bibi yuleyule? Akageuka, akawaambia wale watu kwa Kifaransa maneno machache, nao wakanyamaza wote. Kisha akanishika mkono, tukaanza kupita chumba baada ya chumba bila kusema neno, tukiingiza nyuso zetu kila tundu lenye giza.

Tulimkuta nyuma ya ukuta wa jiko la zamani, kwenye chumba cha chini kilichobaki na dari. Amechuchumaa, mgongo ukutani, viganja viwili mdomoni. Alipomwona Mama aliviondoa, akalia. Mama alitaka kumkimbilia, mguu ukasita. Hatua mbili mbele ya Baraka palikuwa na shimo, birika la kale la kukusanyia maji ya mvua, mdomo wake umefunikwa na majani marefu. Mama alizunguka kando ya ukuta, akamnyanyua, akamzaba kofi la matako, akambusu, vyote kwa mkupuo mmoja.

"Hukunisikia nakuita?"

"Nilikusikia. Ulikuwa unaita kutoka pale," Baraka alisema, akionyesha shimo.

Nje, Mama Mdogo, asiyejua kwamba tumempata, aliita tena mara moja. Naapa sauti yake ilitoka shimoni. Ilitoka humo ndani, nzito na tulivu, ikimwita mdogo wangu kwa jina.

Mama na mdogo wake waligombana njia nzima ya kurudi. "Angeitika tungempata dakika tano!" alisema Mama Mdogo. "Angeitika angeifuata ile sauti shimoni!" alisema Mama. Mimi katikati, nimembeba Baraka mgongoni, nikikubaliana na kila aliyemaliza kusema.

Usiku huo Mama alimpigia Bibi simu. Nilitarajia Bibi ajisifu, au aombe msamaha. Aliuliza kama mume wake amekula. Miaka imepita na nimemhoji mara nyingi sheria ile imetoka wapi. Siku moja husema ilitoka kwa mama yake. Siku nyingine husema ni wakati wa vita, walipojificha porini kwetu Fizi na watu wenye bunduki wakawa wanaita wanavijiji kwa majina yao. Siku nyingine husema, "Wewe nawe, maswali kama polisi."

Mwaka huu mwenzangu wa timu ya mdahalo alinisikiliza nikisimulia, akasema jibu ni rahisi: imani za kishirikina zinahatarisha watoto. Nilimjia juu hadi watu wakageuka. Rahisi kwa nani? Yeye aliliona lile shimo? Halafu nikiwa peke yangu naanza kuitetea hoja yake, na naitetea vizuri, na inanikasirisha upya. Upande wowote nikipewa nashinda, na bado sijui ninachoamini.

Ninachojua ni kidogo. Mtoto wa miaka sita alikaa karibu saa nzima gizani na viganja mdomoni kwa sababu alimwamini bibi yake. Muda wote huo dada yake alikuwa juani, ana jibu, anaogopa kuchekwa na watu ambao hakuwahi kuwaona tena. Mizimu haikunikataza kusema. Sijawahi kumwambia Baraka kwamba nilijua.