Mara Tatu, Koko

Rafiki yangu, juzi nilifua blanketi jipya la pamba hapa nyumbani Mangobo, nikalianika mpaka likakauka. Nilipoligusa ili nilirudishe majini, nilikaa chini ghafla palepale penye matope. Binti yangu alidhani nimeshikwa na malaria. Ni yeye ninayemshonea kitambaa cha meza, pamoja na kile chembamba cha kupita katikati ya meza, maana anaolewa na amevitaka vile vya zamani: vipande vya kitenge juu, shuka chini, na blanketi katikati. Kazi hiyo nilijifunza kwa nyanya yangu, koko kama tunavyosema huku. Alikuwa bingwa wa kazi hiyo, nami ndiye niliyemwachisha.

Mashine yake ilikaa karibu na mlango, apate mwanga. Nikifumba macho bado naisikia, na nyuma yake kinu cha jirani kikitwanga sombe ya majani ya muhogo, na pasi ya makaa ikinuka moshi. Kushona wengi waliweza. Watu walimfuata koko kwa sababu ya kuchagua kitu cha ndani. Ukimletea sponji, alikurudishia. "Meza haitaki godoro," alisema, kwa kuwa glasi huyumba juu ya sponji, na kwa joto letu baada ya mwaka inageuka unga wa manjano. Pamba ya mto wa kulalia hukimbilia pembeni ikajikusanya. Blanketi kuukuu lina mahali palipolika. Yeye alitaka blanketi jipya, jembamba, la pamba tupu, ingawa lina tabia moja mbaya: likiona maji linajivuta na kupungua. Kwa hiyo lilifuliwa mara tatu kwa maji ya moto, na kukaushwa kila mara, kabla ya kuona mkasi. Kisha alilitandika mezani, akaweka juu glasi iliyojaa maji, akapiga meza kwa kiganja. Glasi ikitulia, alikata.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja jirani yetu alipoagiza kitambaa. Alikuwa mama mfanyabiashara wa kutoka Kivu ya Kaskazini, na wakwe wa binti yake walikuwa wanakuja kula kwake kwa mara ya kwanza. Koko alinipa blanketi nikalifue. Ulikuwa msimu wa mbinzo, wale viwavi tunaowapenda kuliko nyama, na mitumbwi ilikuwa imefika kutoka Yanonge na vikapu vimejaa. Wenzangu walikuwa wanakimbilia mtoni kuokota wale waliodondoka. Nikafua mara moja. Lilipokauka nikakimbia mtoni, nikashiba mbinzo wa kuchoma, na siku ya tatu nikampelekea koko blanketi lake.

Alilishika kwa mikono miwili. Akalisugua kati ya vidole kwa muda mrefu, akalinusa, akaniangalia.

"Ulifula mara ngapi?"

"Mara tatu, koko."

"Tatu ya kweli?"

"Ya kweli, koko."

"Bon. Leta makasi."

Glasi ilitulia, na kitambaa kilitoka kizuri ajabu. Wakwe walikula, wakasifu, mchuzi ukamwagika kama kawaida ya sherehe. Wiki iliyofuata jirani alikuja nacho kimekunjwa ndani ya mfuko. Alipokifungua juu ya meza yetu, kilikuwa kimejikunyata chote, kitenge kimejaa mafundo, pembe zimepanda juu.

"Koko, mi siko na kasirani," alisema taratibu. "Mais angalia. Tulifula mara moja tu, na ikajivuta yote. Glasi haisimame."

Nilikuwa nimesimama pale, karibu na pasi. Koko alipitisha mkono juu ya mafundo, polepole, moja baada ya jingine.

"Ni mimi njo nilichagua mubaya," akasema. "Vidole yangu inakufa."

Nikachukua pasi nikaenda kuongeza makaa. Baada ya hapo alianza kuuliza watu: hiki kinafaa? Hiki si chembamba mno? Yeye aliyekuwa anaulizwa! Haukupita mwaka, mashine ikafunikwa kwa shuka, na juu yake tukawa tunaweka sahani.

Nilijaribu kusema, niamini. Nikiwa mtu mzima, koko akiwa amelala hospitali, mchana mmoja tulikuwa wawili tu. Nikamwambia, "Koko, kuko kintu nataka kukuambia." Akanijibu, "Sema, mama." Nikamuuliza kama anataka chai. Akafa wiki ileile, akiamini vidole vyake vilimsaliti.

Tangu blanketi lile la jirani sikugusa blanketi jipya hadi juzi. Hapa mtaani sasa meza zote zimevaa plastiki yenye maua, unafuta kwa kitambaa kibichi na kazi imekwisha. Hakuna anayegonga meza kuangalia glasi. Kwa hiyo sikuwahi kujua kitu kidogo hiki: blanketi lililofuliwa mara moja bado linateleza kidoleni, na lina harufu ya dukani. Hata mimi nisiyejua kitu nililitambua papo hapo.

Basi koko alilitambua. Vidole vyake havikuwa vimekufa hata kidogo, vilimwambia ukweli wote, ndiyo maana aliuliza mara ya pili. Nikamjibu "Ya kweli", naye akaamini mdomo wangu akaacha vidole vyake. Nalia kwa hilo, rafiki yangu, na sijui nilipeleke wapi.

Binti yangu alikuja na ndoo ya maji ya moto akanikuta bado nimekaa chini, blanketi mapajani, nazungumza. Akauliza nasema na nani.

"Mara moja, koko," nilikuwa nasema. "Nilifula mara moja."