Mikono Miwili ya Kushoto

Mlimani kwetu Mwanza gari la taka halipandi. Nyumba zimekaa juu ya mawe, na vichochoro vyake vinamtosha mbuzi mmoja, tena asiye na mimba. Gari husimama chini barabarani, hupiga honi mara mbili, na kabla hujamaliza kufunga kiroba chako limeshaondoka. Kwa hiyo sisi tulikuwa na gari letu wenyewe, nalo ni mvua.

Wiki nzima unajaza viroba nyuma ya nyumba. Mawingu yakianza kujikusanya upande wa ziwa, unavisogeza mlangoni. Matone ya kwanza yakigonga bati, mlima mzima unatoka kwa pamoja kumwaga korongoni: bibi jirani yangu, mzee wa kanisa, hata mwalimu wa sayansi. Hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Mvua ikikatika korongo linakuwa jeupe, nasi tunakaa vibarazani kulalamika kwamba mji huu una watu wachafu.

Uchafu wenyewe ulikwenda wapi? Ziwani, na ziwa ni kubwa. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu yote ya mazingira, na nilikuwa mtu mzima mwenye cherehani mbili.

Mimi ni fundi nguo. Wakati huo nilikuwa nimempenda binti mmoja wa chini kabisa, kule korongo letu linakoingia ziwani. Mama yake alikuwa anaanika dagaa palepale ufukweni, na alikuwa mwenyekiti wa kwaya ya akina mama. Aliponiletea jora la kitambaa cha zambarau nishone sare za kwaya nzima, nilijiambia mahari imeshapungua nusu. Nilishona kwa mapenzi makubwa. Gauni la mwisho likawa la mwenyekiti mwenyewe, na hapo ndipo mapenzi yaliponiponza: nilikuwa nawaza harusi, nikakata mikono yote miwili ya kushoto.

Fundi mwenzangu akisoma hapa ataelewa. Ukikilaza kitambaa upande mmoja na kukata mara mbili bila kugeuza, unapata mikono inayofanana kama mapacha, na binadamu hajaumbwa hivyo. Kitambaa kilichobaki hakikutosha mkono mwingine mrefu. Nikamshonea mikono mifupi, inayoishia juu ya kiwiko, katikati ya kwaya ya mikono mirefu.

"Fundi, mbona mimi nimekatwa?" aliniuliza siku ya kujaribu.

"Jora lilikuwa pungufu, mama," nikasema. "Wauza vitambaa wa siku hizi wanapima kwa kamba inayovutika."

Aliniamini. Kesho yake akaenda mjini akamsema muuza vitambaa mbele ya wateja wake, mtu aliyekuwa amempimia kwa haki. Mimi nikaitia ile mikono ya kushoto kwenye kiroba pamoja na maganda ya ndizi na ganda la betri ya redio. Ijumaa ikanyesha mvua nzuri, nikamwaga, nikalala usingizi wa mtoto.

Wiki mbili baadaye baba yangu mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga, alipeleka barua ya posa. Majibu yalikuja haraka: wamepokea, ila mama anataka mwoaji aje mwenyewe. Kwa kawaida mwoaji haitwi mapema hivyo. Nilitafsiri kwamba nimependwa. Nikavaa suti niliyojishonea.

Tulikaribishwa ndani. Nikatoa shikamoo, ikaitikiwa vizuri. Mezani palikuwa na beseni limefunikwa kwa kanga, na baba mdogo, ambaye alikuwa mshenga kwa ajili ya vyakula, akavuta kiti karibu. Mama akafunua.

Ndani mlikuwa na ile mikono miwili, imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa vizuri kuliko nilivyowahi kuikunja mimi.

"Shemeji," mama akamwambia baba mdogo, "hebu ishike uniambie."

Baba mdogo akaishika mmoja huku na mmoja huku. Akaigeuza. Akaitazama tena, maana alikuwa mtu wa kutenda haki. "Huu ni wa kushoto," akasema polepole. "Na huu nao... ni wa kushoto."

Nyuma ya pazia nikamsikia mchumba wangu akicheka. Mimi sikucheka. Niliona aibu ambayo sijaiona tena mpaka leo, nikatamani lile korongo linibebe na mimi.

"Niliikuta juu ya dagaa wangu," mama akasema. Hakupandisha sauti. "Kila mvua, naanika dagaa na naanua nepi. Mteja wangu wa Buzuruga amenirudishia gunia zima, ndani alikuta mfuko wa nailoni na ganda la betri. Ananiuliza kama dagaa wa siku hizi wanatumia umeme. Wanangu wamesoma kwa dagaa hawa, fundi. Na yule muuza kitambaa nilimwita mwizi."

Baba mdogo alikohoa, akajaribu kueleza kwamba vijana wengi huko mlimani hufanya hivyo. Haikusaidia.

"Basi nisikilizeni," mama akasema. "Barua nimeipokea na sijaikataa. Lakini binti yangu hatapanda huko mlimani mpaka taka zenu ziache kushuka hapa."

Hatukupewa chakula. Njia nzima baba mdogo alinisema, na nusu ya maneno yake ilihusu chakula.

Nilianza na lililo jepesi, nikaenda mjini kumwomba radhi muuza vitambaa. Alinisikiliza, akaniuzia kitambaa kibaya kwa bei nzuri, nzuri kwake yeye. Kisha nikaanza kuteremsha viroba vyangu barabarani begani, kusubiri honi. Mvua iliyofuata nikapiga simu ukweni kujivunia. Mama akajibu, "Mimi sijui taka ipi ni ya nani. Nauona mlima tu."

Ikabidi nipite nyumba kwa nyumba. Bibi jirani yangu alinisikiliza mpaka mwisho. "Yaani wewe upate mke," akasema, "mimi nibebe kiroba?" Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Nikabeba cha kwangu na chake. Wengine walipoona nabeba, wakaleta na vyao. Mama wa mchumba wangu akaniletea wavu mkuukuu wa dagaa, nikautandaza kukatisha korongo, na kwa akili zangu nyingi nikaufunga nyuma ya nyumba yangu. Mvua moja tu, taka za mlima mzima zikalala dirishani kwangu. Wateja wakawa wanapimwa nguo huku wameziba pua. Hapo majirani wakaja kutazama, kila mmoja akatambua kitu chake na kukikana. Mwalimu wa sayansi alikana daftari lenye mwandiko wake. Baada ya wiki ya harufu ile, walianza kuteremsha viroba wenyewe, na bibi akawa mkali kuliko wote.

Haikwisha yote, siwadanganyi. Lakini siku moja, baada ya mvua kubwa, mama alinitumia ujumbe wa maneno matatu: "Leo dagaa watupu." Niliusoma mara nyingi kuliko barua yoyote ya mapenzi niliyowahi kupata.

Siku ya harusi kwaya iliimba. Mwenyekiti alikuwa amenitaka nimshonee ile ile mikono miwili ya kushoto kwenye gauni lake. Nilimwomba ninunue kitambaa kipya, akakataa. Akasimama mbele ya kanisa, mkono wa kulia umejikunja kwapani, umevimba pasipo kiwiko, na kila alipouinua kusifu, gauni zima lilipanda nao. Watu wakamuuliza fundi wake ni nani. Akaninyooshea mkono huo huo, "Mkwe wangu yule pale."

Gauni analo hadi leo. Mawingu yakijikusanya upande wa ziwa, simu yangu inaita. Hana salamu ndefu.

"Mkwe," anasema, "nimeshalivaa."

Nazima cherehani, nabeba viroba, nateremka barabarani.