Gari Litakalompeleka Dorah

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Mzee Mayaka ni namna alivyoufunga mlango wa gari lake. Aliunyanyua kidogo kwa mikono miwili, akausukuma taratibu mpaka ukaitika. Bawaba zilikuwa zimelegea, na hakutaka kuubamiza.

Nilikuwa mtoto wa jirani pale Suna. Peugeot hiyo nyeupe ndiyo iliyotupeleka shuleni Asumbi, mimi na binti yake Dorah, masanduku yetu yamefungwa juu kwa kamba ya katani. Hadi leo naikumbuka harufu ya viti vilivyochomwa na jua, na Mzee akiimba nyimbo za Wasabato kila tulipoteremka mlima. Namba za maili zilifika mwisho zikaanza tena kwenye sifuri. Kadiri gari lilivyozeeka, ndivyo alivyowahi kubadilisha oili, na kila asubuhi aliinama kutazama kama kuna tone lililodondoka chini.

Mwaka huu wa 1997 Dorah anaolewa Homa Bay. Amekataa gari jipya la wakwe. Anataka kushuka kanisani kutoka kwenye hili lililomlea. Kwa hiyo Mzee aliifungua injini ili aitengeneze upya kabla ya harusi, akisaidiwa na Maroa, fundi wa mtaani.

Boliti za juu ya injini hukazwa, injini ikawashwa hadi ipate moto, kisha ikipoa zikakazwa tena. Walimaliza kukaza mara ya kwanza Ijumaa, jua likitua. Mzee akaweka spana chini, maana Sabato ilikuwa inaingia. Jumapili alfajiri, kwa hamu ya kulijaribu, aliondoka moja kwa moja kwenda Homa Bay, amesahau kabisa kukaza mara ya pili. Wakati wa kurudi, kwenye mlima wa kutoka Homa Bay kuelekea Rodi Kopany, maji yalichemka na gasketi, ile pedi inayoziba kati ya injini na kifuniko chake, ikaungua. Gari likafika Suna likivutwa na lori la mahindi.

Maroa hakumwonea haya. "Mzee, hii gari imechoka. Wacha msichana aende na ya wakwe."

"Hata mimi nimechoka," Mzee akamjibu, "na bado nitamshika mkono mpaka mbele ya mchungaji. Lete spana."

Safari hii walianza kazi Jumatatu, Sabato ikiwa mbali. Jana boliti zilikazwa mara ya pili, na Mzee akazipitia zote kwa mkono wake mwenyewe. Harusi ni Jumapili. Kesho asubuhi anakwenda kulijaribu gari kwenye mlima uleule, na Dorah amesema hatabaki nyumbani kungoja habari.