Alichuchumaa Kusalimia

Mume wangu alikuwa mwanajeshi. Lori lilipinduka akiwa nyuma pamoja na masanduku ya risasi, mgongo ukaharibika, wakamrudisha kwetu Mollo na karatasi ya kustaafishwa kwa sababu za afya. Ikabaki bodi ya madaktari pale mjini Sumbawanga imwandikie asilimia ya ulemavu. Bila asilimia ya kutosha, jeshi halimpeleki kutibiwa hospitali kubwa.

Barua ilinikuta napepeta ulezi, mtoto mgongoni. Nikaisoma mimi, yeye hakutaka kuishika. Asilimia kumi. Sababu: ameonekana akichuchumaa na kuinuka bila msaada.

Nikamuuliza, "Ulichuchumaa saa ngapi?"

"Nilipoingia. Si ulikuwepo?"

Kweli nilikuwepo. Daktari wa bodi aliyekaa mezani alikuwa mzee mwenye mvi, na mume wangu akafanya alivyofunzwa tangu utoto: akashikilia mlango, akashuka chini, akapiga makofi taratibu, akasema shikamoo. Mzee akamtazama anavyoshuka, akaitikia marahaba, akainamia karatasi zake. Kuinuka nilimwinua mimi kwa kumshika kwapa. Mzee hakuona alivyoinuka, na bado akaandika ameinuka bila msaada.

"Unakwenda kupimwa ulemavu halafu unachuchumaa kama bwana harusi ukweni."

"Yule ni mtu mzima. Ulitaka nimsimamie kichwani?"

"Ndiyo, ungemsimamia."

Mama mkwe alikuwa anapuliza moto. Akasema bila kugeuka, "Hapana, mama. Mwanangu hakulelewa na ng'ombe."

Barua ya rufaa niliiandika mwenyewe, kidato cha nne changu kikanisaidia kwa mara ya kwanza. Nilieleza kwamba Mfipa akimkuta mkubwa wake hushuka chini, hata kama mgongo unamuua. Karani wa ofisi ya bodi aliisoma akacheka.

"Dada, salamu siyo ugonjwa. Andika maumivu."

"Maumivu tuliyaeleza mwanzo. Nyie mkaandika salamu."

"Mimi siyo bodi."

"Lakini wewe ni wa huku. Shangazi yako unamsalimia umesimama?"

Akagonga muhuri.

Siku ya rufaa nilimwonya mume wangu njia nzima: usishuke. Ndani walikuwa madaktari watatu, wote wakubwa kwake. Akawasalimia amesimama, mikono hajui aiweke wapi, sauti kama ya mtu aliyekamatwa na kuku wa watu. Niliona alivyokwepa macho yao. Hiyo heshima niliyomvua, wao hawakuifikiria hata nusu dakika.

"Chuchumaa," mmoja akamwambia.

Akashuka kwa kushika kiti. Wakakivuta kiti.

"Haya, simama."

Nikasogea, daktari akanizuia. "Mama, kaa. Usimguse."

Mume wangu akaweka kiganja sakafuni, akasukuma, akarudi chini. Akajaribu tena. Jasho lilimtoka asubuhi ambayo wao walikuwa wamevaa makoti ya baridi. Wawili walimtazama kama wanachagua dume mnadani, wa tatu alikuwa kwenye simu yake. Waliniudhi mpaka mate yakanijaa mdomoni. Lakini na mimi, mke wake wa ndoa ya kanisani, nilikuwa naomba kimoyomoyo ashindwe. Usinyanyuke. Baki hapo hapo. Kila goti lilipotikisika niliogopa atafanikiwa.

Akaanguka ubavu. Ndipo kalamu zikatembea.

"Sasa msaidie," wakaniambia.

Barua ya pili ilichukua miezi. Asilimia imepanda, atapelekwa kutibiwa, tunasubiri tarehe. Nilimsomea yote, pamoja na pale walipoandika kwamba hawezi kunyanyuka toka sakafuni bila kushikwa na mkewe. Nilikuwa natabasamu wakati nasoma, sikujua mpaka aliponitazama.

"Unafurahi," akasema.

"Nafurahi utatibiwa."

Akaichukua ile karatasi, akaikunja mara nne. "Mama yangu usimsomee hii. Mwambie tu wamekubali."