Siku ya Kumpelekea Meneja Barua

Ofisi yetu ya pamba pale Shinyanga ilikuwa na mabirika mawili ya chai, na kwa miaka sita nilikunywa kutoka yote mawili. Wakati ule niliona huo ni ujanja mkubwa. Naanza na mabirika kwa sababu ndiyo yaliyonikosesha kazi ya mgodini, ingawa kwa muda mrefu nilipenda kusema ni bahati mbaya.

Birika la kwanza lilikuwa la Meneja. Saa nne asubuhi lilipelekwa upande wake, na waliokunywa huko walikuwa watu wake: afisa ununuzi, dereva wa Landrova, na makarani wawili waliotoka vijiji vya kwao. La pili lilikuwa la Mhasibu, mtu mwembamba aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, na wenzake walikuwa watu wa hesabu na wa ghala. Wakubwa hao wawili hawakuelewana tangu wiki ya kwanza. Nadhani ilianza na kiti chenye mikono, ambacho kila mmoja alidai kiliagizwa kwa ajili yake. Miaka hiyo sukari ilikuwa ya kupangia foleni, lakini kwa Mhasibu haikukosekana hata siku moja. Kwa Meneja hapakuwa na sukari, ila palikuwa na karanga za kukaanga. Mimi nilikuwa karani wa masjala, mtunza mafaili, na nilijiambia kwamba faili halina upande. Nilianza kwa karanga, nikamalizia kwa sukari.

"Masjala huyo amefika," watu wa Mhasibu walikuwa wakisema. "Haya, huko kwa wakubwa leo wametafuna nini?"

"Wametafuna majina yenu."

Tulikuwa tukicheka wote. Kesho yake nilijibu hivyo hivyo upande wa pili.

Mtu mmoja tu hakuwa na birika: mpiga chapa wetu, mwanamke wa rika langu. Alikuja na chupa yake ya uji, akaunywa mezani pake, mbele ya mashine yake, huku akisoma barua za watu wengine kama ilivyokuwa kazi yake.

Mwezi wa saba, msimu wa kununua pamba ukiwa katikati, lilikuja tangazo kutoka mgodi wa almasi ulio upande wa Maganzo. Walitaka karani wa stoo na mpiga chapa. Kazi ya mgodini ilimaanisha nyumba ya matofali yenye bomba ndani. Sisi tulikuwa tunateka maji kisimani kwa zamu, na mke wangu alikuwa akitoka asubuhi na kurudi jua limeshapanda. Nilipomsomea tangazo aliweka ndoo chini.

"Bomba ndani? Ndani kabisa?"

"Ndani, jikoni."

"Baba watoto, hiyo barua unaiandika leo, au niandike mimi?"

Kulikuwa na sharti moja. Mtu aliyekuwa kazini tayari ilibidi barua yake ya maombi ipitie kwa mkuu wake, aisaini na kuigonga muhuri. Ndivyo ofisi zote zilivyofanya. Unamwendea mtu anayekulipa, unamwambia unataka kumwacha, kisha unamwomba akusaidie kuondoka. Wengi walizeeka kazini kwa kuogopa dakika hizo tano.

Mpiga chapa alichapa barua zetu mbili siku moja. "Tumpelekee leo, kaka," alisema.

"Leo? Hukusikia alivyosalimia?"

Meneja wetu alikuwa Msukuma wa Maswa. Akiamka vizuri alipita mlangoni na "Mwangaluka!" ya nguvu, nasi wote, hata Mhasibu wa Tanga, tuliitikia "Mwangaluka!" Akiamka vibaya alisema "Habari za asubuhi" kama mtangazaji wa redio, na siku hiyo ukijipenda hukubisha hodi. Nilikuwa nimeanza hata kuweka alama za penseli kwenye kalenda: msalaba kwa Kiswahili, duara kwa Kisukuma. Nilimwonyesha mpiga chapa kalenda hiyo kwa fahari.

"Tungoje duara," nikamwambia.

Aliitazama, akarudi kwenye mashine yake.

Duara lilikuja baada ya wiki moja. Niliingia na barua mfukoni. Meneja alinikalisha, akanimiminia karanga kiganjani, akanisimulia ng'ombe wake mmoja baada ya mwingine. "Mwanangu," akasema, "ofisi hii bila wewe ni vumbi tupu. Sisi hapa ni ndugu." Nilitoka na karanga, na barua bado mfukoni. Duara la pili likapita vivyo hivyo, isipokuwa safari hiyo tulizungumza juu ya mashamba.

Zilipobaki siku nne kabla ya mwisho wa kupokea maombi, nilipata wazo ambalo mpaka leo linanipa aibu. Karani mkuu wetu alikuwa anakaribia kustaafu. Nikafikiri: nikisema nimeshapata kazi mgodini, lazima upande mmoja utaniambia baki, chukua ukarani mkuu. Hapo nitakuwa na vitu viwili mkononi, nichague. Jumatano saa nne nilimnong'oneza dereva wa Meneja kwenye karanga kwamba mgodi umenichukua. Nusu saa baadaye nikawanong'oneza watu wa Mhasibu kwenye sukari. Nilisisitiza kote kwamba ni siri, ili isambae upesi.

Alhamisi Meneja alipita bila salamu yoyote, wala ya Kiswahili wala ya Kisukuma; nikadhani ni malori ya pamba yaliyochelewa njiani. Aliubamiza mlango mpaka kalenda yangu ikaanguka. Mpiga chapa aliitwa kuchapa kitu, akatoka, akakichapa, akakirudisha. Kisha nikamwona anafungua droo, anatoa barua yake ya mgodini, anaingia nayo.

"Dada, leo?" nilimwita, lakini alishapita.

Alitoka baada ya dakika mbili. Barua ilikuwa na saini, na muhuri wake ulikuwa bado unang'aa wino.

"Amesema nini?"

"Hajasema kitu. Huyu akifurahi anasoma kila neno na anataka mazungumzo. Akikasirika anasaini ili utoke." Akanisukuma begani. "Nenda sasa hivi, kalamu bado anayo mkononi."

Sikwenda. Niliokota kalenda, nikachora msalaba mkubwa kuliko yote.

Ijumaa ilikuja "Mwangaluka!" ya kutikisa madirisha. Nikaingia, nikaweka barua mezani.

"Hii ya nini tena?" Meneja aliuliza. "Si mgodi umeshakuchukua?"

"Bado, mzee. Ndiyo naomba."

"Bado? Mimi jana nimeshampa mwenzako ukarani mkuu. Nimesema, Masjala anatuacha, hata kuaga hajaaga." Alinitazama, kisha akaanza kucheka taratibu, tumbo likitangulia. "Au ulikuwa unatupima uzito, mwanangu?"

Aliivuta barua karibu. "Iache hapa. Nataka niisome vizuri."

Jumamosi saa sita mchana ndiyo ilikuwa mwisho wa kupokea maombi. Barua yangu ilirudi Jumanne, imesainiwa, imegongwa muhuri, na amenisahihishia koma mbili.

Mke wangu hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Ilikuwa tayari tangu lini?" Nikamwambia. Akachukua ndoo akatoka.

Hapo ningeweza kuishia, na ingekuwa hadithi ya mjinga tu. Lakini mwezi uliofuata mpiga chapa aliitwa mgodini, akapata kazi, na siku hiyo kwenye chai nilisema neno. Nililisema kwa watu wa Meneja, kisha nikalibeba mpaka kwa watu wa Mhasibu, kama nilivyozoea kubeba mengine. Nilisema: "Mwanamke hasainiwi barua kwa dakika mbili bure." Watu walicheka. Pande zile mbili, ambazo hazikuwahi kukubaliana hata juu ya kiti, zilikubaliana juu ya hilo.

Nilijua ni uongo. Nilikuwa mlangoni, nilimwona akiingia na akitoka. Siku zote alikuwa akiniita kaka, siku yake ya mwisho alinipa mkono na kusema, "Kwaheri, Bwana Masjala."

Baada ya miaka mitatu nami niliondoka, nikapata kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya mfanyabiashara mmoja wa Kihindi kule Kahama. Barua ya kuacha kazi nilimpelekea Meneja siku ambayo lori mbili za pamba zilikuwa zimekwama mtoni. Alisaini bila kuinua macho. Angalau hilo nililijifunza.

Nilikuja kumwona mpiga chapa tena baada ya miaka mingi, pale Maganzo, basi letu lilipokuwa likingoja abiria. Alikuwa ananunua nyanya kando ya barabara. Nilishuka nikamfuata kabla sijapata nafasi ya kujiuliza kama siku yenyewe ni nzuri.

"Dada, nina deni la maneno kwako," nilisema. "Lile nililosema kwenye chai."

"Nalijua. Lilinifikia kabla vikombe havijaoshwa."

"Nilijua si kweli."

"Najua ulijua. Ndilo lililoniuma." Alichagua nyanya moja, akairudisha. "Mume wangu aliniuliza swali, kaka. Mara moja tu, lakini aliniuliza."

Nikamwomba radhi. Akatikisa kichwa kuonyesha kwamba amesikia, na zaidi ya hapo sikustahili. Kisha uso wake ukabadilika.

"Lakini unajua Meneja alikasirishwa na nini Alhamisi ile?"

"Si malori?"

"Malori gani! Ni wewe. Dereva alimwambia asubuhi hiyo kwamba umepata kazi na unaondoka kimyakimya. Aliponiita nichape barua ya kumpa mwenzako ukarani mkuu, yeye anazunguka meza: 'Na waende! Wote waende!' Nikasema moyoni, basi na mimi niko humo." Sasa alikuwa anacheka mpaka muuza nyanya naye akacheka bila kujua sababu. "Bomba langu la jikoni umenipa wewe, kaka. Kila nikilifungua nakukumbuka."

Dereva wa basi alipiga honi. Nilikuwa nimeshakanyaga ngazi aliponiita.

"Msalimie mama watoto! Mwambie aje ateke maji!"

Jioni, Kahama, nilizifikisha salamu hizo kama zilivyo. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza alijifuta machozi kwa upande wa kanga, akanyanyuka, akanikabidhi ndoo.